Mvua haiahidi, lakini mwenye kiwanja anaweza kuahidi

Mwezi wa tisa ukifika Tunda, katika eneo la Kibombo, jimbo la Maniema, mvua ya kwanza ni furaha. Watu wanashika jembe siku ileile. Lakini mvua hiyo inaweza kudanganya: inanyesha siku mbili, kisha jua linarudi wiki nzima na kukausha miche. Au inakuja kubwa mno, na maji yanabeba mbegu mpaka barabarani.

Mwenyeji aliyepoteza mbegu ataomba kwa ndugu. Familia ya wahami yenye kikombe kimoja cha mbegu haina pa kuomba. Bustani ikiharibika, mboga itanunuliwa sokoni kwa franka zilizokuwa za unga.

Kwa hiyo mbegu zisimwagwe zote siku moja. Zigawanywe mafungu matatu, na kila fungu lipandwe wiki moja baada ya lingine. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, basi fungu moja likiharibika, linalofuata haliko mbali. Tuta liinuliwe shubiri moja ili maji yapite pembeni. Majani makavu yatandazwe kati ya mistari kutunza unyevu, na miche midogo ifunikwe kwa majani ya michikichi. Matembele hayahitaji mbegu: vipande vya mashina kutoka kwa jirani vinatosha.

Hayo yote yanasaidia dhidi ya mvua. Lakini wahami wana hofu nyingine, na hiyo haitoki mawinguni. Wanalima pembeni ya nyumba walikokaribishwa. Wanang'oa magugu, wanabeba majivu na mavi ya mbuzi, udongo unakuwa mzuri. Ndipo mwenye kiwanja anakumbuka kwamba anapahitaji mahali pale, na mboga bado hazijachumwa. Mama aliyeona hivyo mara moja hatalima tena.

Mwenye kiwanja naye ana hofu yake, na si ya bure. Katika vijiji vyetu, aliyepanda mti anaweza kesho kusema ardhi ni yake. Basi wazungumze kabla ya jembe la kwanza, mbele ya shefu wa kijiji au wazee wawili: mahali fulani, kutoka hapa mpaka pale, mboga tu, si migomba wala michikichi, mpaka kiangazi cha mwezi wa sita. Kama mwenyeji anataka sehemu ya mavuno, aseme siku hiyo, si siku ya kuchuma.

Mazungumzo hayo hayaombi pesa wala msaada wa shirika lolote. Yafanyike mwezi wa nane, udongo ukiwa bado mkavu. Hakuna shefu anayeweza kuiamuru mvua inyeshe vizuri. Kuhusu kiwanja, neno la watu wawili mbele ya mashahidi linatosha kumfanya mama apande bila woga.