Kikishachapwa, Kitabu Hupewa Kisogo

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, na fedha zake zinamdondosha mate mwandishi yeyote. Mshindi wa kwanza hulamba shilingi milioni 10, kisha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) husimamia kazi yake ichapwe na kufikishwa shuleni. Ni jambo jema. Lakini kila tangazo la kuita washiriki linapotoka hunikera, maana linaita miswada. Aliyekwisha kukopa kwenye VICOBA, akamlipa mchapaji na kubeba maboksi yake mpaka nyumbani, halimhusu. Kwangu mimi huyo ndiye aliyestahili kusaidiwa kwanza.

Namjua mmoja. Ni dada wa Sakina, hapa hapa Arusha, aliyemaliza riwaya ya mapenzi ya kuchekesha. Dalali wa tanzanaiti anajifanya tajiri ilhali hata viatu ni vya kuazima. Muuza ndizi wa soko la Tengeru hadanganyiki. Wanakutana ndani ya kifodi Jumamosi ya soko: chalii kavaa suruali nyeupe, mkungu wa ndizi umetua mapajani mwake, na utomvu unafanya kazi yake. Nilicheka mpaka wa nyumbani wakaja kuuliza kulikoni.

Alidhani akishaandika ukurasa wa mwisho kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ilibidi afuatilie ISBN kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba, na atenge nakala za bure kwa ajili ya maktaba ya taifa. Mchapaji akamweleza kwamba bei ya kitabu kimoja hushuka ukichapa vingi, hivyo akachapa vingi. Kisha akaanza kuzunguka madukani, na huko kila mahali ni mali kauli. Muuzaji mmoja alifungua daftari, akaandika "10", akavipanga nyuma ya vitabu vya maswali na majibu ya kidato cha nne, akamwambia apite baada ya miezi mitatu. Lakini hata kabla ya kufungua daftari alikuwa na swali moja, lile lile ambalo dada huyu aliulizwa kila alikokwenda: "Dada, hiki kimo kwenye mtaala?"

Wapo watakaosema Watanzania hawasomi, kwa hiyo serikali ikimsaidia mwandishi kama huyu itapoteza fedha. Wengine watasema soko huria liamue. Wapo pia wanaoona mapenzi na mzaha ni mambo mepesi yasiyostahili shilingi ya umma. Sawa, nimewasikia. Taifa lililotegea sikio redio kwa ajili ya Pwagu na Pwaguzi, likamfanya Mzee Majuto nyota, likanunua magazeti ili lijue hadithi ya Eric Shigongo imefikia wapi, leo tuambiwe halina hamu ya mapenzi wala kicheko? Ben Mtobwa na Elvis Musiba waliuza riwaya za kipelelezi kwa watu wazima ambao hakuna mwalimu aliyewatuma kununua.

Ugomvi wangu hasa uko kwenye lile swali la mtaala. Nchi hii mnunuzi mkubwa wa vitabu ni mmoja tu, naye ni shule. TET huandaa vitabu vya kiada, na kwa tuzo hii hata fasihi inayozawadiwa na dola inaelekezwa darasani. Februari 2023, miezi miwili kabla ya tuzo ile ya kwanza, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwamo vya Diary of a Wimpy Kid. Sibishani naye hapa. Shule ina haki ya kuchagua watoto wasome nini. Lakini shule ikiwa ndiyo mteja pekee, uzio wake unageuka uzio wa fasihi nzima. Mwandishi akikaa kuandika anajiuliza mwalimu wa nidhamu atasemaje. Busu linafutwa. Mzaha juu ya mchungaji unafutwa. Mama wa miaka 40 wa Ngaramtoni, anayetaka kitu cha kumchekesha baada ya kufunga genge, haandikiwi na yeyote, kwa sababu hayumo kwenye orodha ya wanafunzi.

Na dawa yake wala si uganga. Tangu 1965 Norway hununua nakala za vitabu vipya vya fasihi kwa fedha za umma na kuzigawa kwenye maktaba zake. Tuseme sisi hatuna utajiri wa mafuta. Basi tuchukue hiyo hiyo milioni 10 ya mshindi mmoja. Kwa kitabu cha shilingi 10,000, inanunua nakala 1,000. Gawanya kwa vitabu 10, nakala 100 kila kimoja: kila mkoa kati ya 26 ya Tanzania Bara unapata nakala tatu za kila kitabu, na chenji inabaki. Waandishi 10 wanarudisha angalau sehemu ya mkopo, na msomaji mtu mzima anapata sababu ya kuingia maktaba ya mkoa, ambayo sasa wengi huiona kama chumba cha kujisomea cha wanaojiandaa na mitihani. Mbona hili halifanyiki? Dola hiyo hiyo inajua kudai nakala za bure za kila kitabu kinachochapwa. Kunyoosha mkono kupokea inaweza, kununua inaona uzito! Huo ni ubahili, na tusiupambe kwa sherehe za ukumbini.

Tuzo ibaki, na Profesa Penina Mlama na kamati yake waendelee kuisimamia. Ila Wizara ya Elimu iongeze mambo mawili kwenye bajeti ijayo: kundi la tuzo la vitabu vilivyokwisha kuchapwa na waandishi wenyewe, na fungu la Bodi ya Huduma za Maktaba la kununua fasihi ya watu wazima, riwaya za mapenzi na vichekesho zikiwamo. Wabunge wa Arusha na Arumeru, hoja hiyo ni yenu, isimamieni.