Kinamasi cha Rugezi na Taa za Kigali

Mwaka 2004 nyumba nyingi za Kigali zilirudia mishumaa na taa za chemni. Umeme ulitolewa kwa mgao, na saa za giza zilikuwa nyingi. Sababu moja kubwa ya giza hilo haikuwa mjini. Ilikuwa kaskazini mwa Rwanda, katika bonde la milimani lililo kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali paitwapo Rugezi.

Rugezi ni kinamasi cha hekta zipatazo 6,700, kilichojaa mafunjo na nyasi za majini. Maji yake hutiririka hadi ziwa Burera. Chini ya Burera, kwa tofauti ya kimo cha mita zipatazo 100, liko ziwa Ruhondo. Na kati ya maziwa hayo mawili ndipo palipojengwa kituo cha umeme cha Ntaruka, ambacho mashine zake huzungushwa na maji yashukayo kutoka ziwa la juu. Maji hayo hayo, yakiisha kutoka Ruhondo, huendesha kituo cha pili, Mukungwa. Katika miaka hiyo vituo hivyo viwili ndivyo vilivyotoa sehemu kubwa ya umeme uliozalishwa nchini Rwanda.

Askari yeyote aijuaye stoo ya kikosi ataifahamu kazi ya kinamasi upesi. Stoo hupokea mzigo kwa wingi siku gari linapofika, kisha hutoa rasheni kidogo kidogo mpaka gari la pili lije. Mvua kubwa inaponyesha, mafunjo na udongo mweusi ulio chini yake hunywa maji. Kiangazi kikija, maji hayo hutoka polepole na ziwa halikauki. Tope linalochukuliwa na mvua kutoka mashambani nalo hunaswa humo kabla ya kufika ziwani. Udongo huo mweusi ni mabaki ya mimea yaliyolundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, kwa kuwa yamefunikwa na maji. Ukikaushwa, huanza kuoza, na ile hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake hupanda angani na kuongeza joto la dunia. Kwa hiyo mtu anayekausha kinamasi hupoteza mara mbili: anafungua mlango wa stoo, na papo hapo anazidisha ukame ambao stoo hiyo iliwekwa kwa ajili yake.

Watu wa vilima vinavyoizunguka Rugezi hawakuikausha kwa ubaya. Ardhi ya huko ni finyu, familia ni nyingi, na tope la kinamasi lina rutuba. Kwa miaka mingi mitaro ilichimbwa, viazi na mahindi vikapandwa, ng'ombe wakaingizwa kulisha. Mteremko wa juu nao ulilimwa bila makinga-maji, udongo ukaporomoka. Kisha mvua zikapungua. Ziwa Burera lilishuka, na Ntaruka ikakosa maji ya kutosha kuzungusha mashine zake. Ni haki kusema pia kwamba kituo chenyewe hakikuwa kimetunzwa ipasavyo. Mkulima wa viazi asibebeshwe lawama yote.

Serikali ya Rwanda ililazimika kukodi mitambo ya dizeli, kwa gharama iliyoripotiwa kufikia dola 65,000 za Kimarekani kwa siku. Bei ya umeme ikapanda zaidi ya mara mbili. Fedha za kigeni zilichomwa pamoja na mafuta, na moshi wake ukaenda angani, kufanya kazi ambayo mafunjo yalikuwa yakisaidia kuifanya bila kudai mshahara.

Hatua zilizofuata zilikuwa kali. Kilimo na malisho ndani ya kinamasi vilipigwa marufuku, na mitaro ikaachwa izibe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikataza kulima ndani ya mita 50 kutoka ukingo wa ziwa na mita 10 kutoka ukingo wa mto. Mwaka huo huo Rugezi iliandikishwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya namna hiyo duniani. Mianzi na majani ya mabingobingo yalipandwa kuzunguka ziwa, miti ikapandwa vilimani, makinga-maji yakachimbwa, na wananchi wakagawiwa majiko yanayotumia kuni chache. Jambo hili la majiko lisidharauliwe na mama wa nyumbani: kilima hakibaki na miti ikiwa kila chungu cha maharage kinadai mzigo mzima wa kuni. Miaka michache baadaye ziwa lilipanda tena, na Ntaruka ikarudia nguvu zake zote.

Lakini hesabu haikuishia kwenye taa. Mwenye swichi Kigali alipata mwanga. Mwenye jembe Rugezi alipoteza shamba, na pamoja nalo malisho. Ufugaji wa nyuki na kazi nyingine zilihimizwa, ila pengo la shamba halizibwi kwa siku moja, na baadhi ya kaya zilibaki na njaa kuliko zamani. Askari aliyepewa zamu ya kulinda ukingo wa kinamasi hukutana na watu hao uso kwa uso. Wanaonufaika na umeme wangepaswa kuwalipa wanaoyalinda maji yake, na deni hilo ni la haki kama ankara ya umeme yenyewe.

Wala kinamasi hakimalizi hatari zote. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi kaskazini na magharibi mwa Rwanda, yakaua watu zaidi ya 130. Miteremko ya huko ni mikali, na nyumba nyingi zimejengwa juu yake.

Kwa kaya yenye shamba linaloshuka kuelekea bondeni, mabingobingo ndiyo ya kuanza nayo. Hupandwa kwa mistari inayokata mteremko. Mizizi yake hushika udongo, na majani yake hukatwa kumlisha ng'ombe anayefugwa zizini, hata asipelekwe tena kinamasini. Samadi yake hurudishwa katika shamba la juu.