Siku 28 za Kwenda Nyumbani Mamba

Desemba ikikaribia, watu wa Mamba, huko milimani Upare, wanaofanya kazi Dar es Salaam, Tanga na Arusha huanza kuhesabu siku zao za likizo, na wakubwa wao huanza kutoa sababu za kuwazuia. Sababu ni zile zile kila mwaka. Zimerudiwa hata mfanyakazi mwenyewe amezikubali, na matokeo yake wazazi wa Upare wanakaa miaka bila kuwaona watoto wao kwa zaidi ya siku mbili tatu. Nazijibu hapa, moja baada ya nyingine.

“Likizo yote kwa mkupuo? Huo ni ukosefu wa shukrani. Chukua wiki moja, nyingine tutaona.” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe likizo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Hapo hakuna hisani ya mtu. Na wiki moja kwa mtu wa Mamba ni kitu gani? Dar hadi Same ni zaidi ya kilomita 400, kisha utafute gari la kupanda mlimani, na mvua za vuli zikiwa hazijakatika, barabara ndiyo inayoamua utafika lini. Toa siku za safari, toa Krismasi yenyewe. Zilizobaki hazitoshi kikao kimoja cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba la marehemu babu. Bado mama hajapelekwa hospitali, bado paa linavuja, bado mzee anataka ushuke naye shambani uione tangawizi inayougua. Kazi za likizo zetu ndizo hizo, na hazifanyiki mbio mbio.

Mpare akilisema hili kazini huambiwa kwamba watu wa kwao wanapenda kesi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru ya enzi za ukoloni, wakakaa pale, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Wajukuu wao wanaweza kuuliza habari za likizo bila kuona haya.

“Ukiondoka, kazi itasimama.” Kama kazi inasimama kwa sababu mtu mmoja hayupo, basi ilikuwa hatarini hata alipokuwepo. Akiugua je? Sheria hiyo hiyo inampa mgonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo ya malipo, lakini hata huko wasimamizi wa mabenki wanashauri wafanyakazi wenye dhamana ya fedha wakae nje ya ofisi wiki mbili mfululizo kila mwaka. Wanajua kwamba hesabu zilizochezewa hufichuka pale mwingine anapokalia kiti. Anayeng'ang'ania kwamba hakuna awezaye kushika nafasi yake siku 28 anapaswa kuulizwa kwa upole kuna nini kwenye hiyo nafasi.

Hata hivyo anayeondoka ana deni lake la adabu, nalo si dogo. Makabidhiano yaandikwe: kazi zilizo njiani, nani anadai na nani anadaiwa, funguo ziko wapi, mteja gani ameahidiwa nini. Aliyeachiwa akae naye angalau siku kadhaa kabla ya safari. Kumwelekeza mwenzako kwa simu ukiwa tayari umeketi kwenye basi ni kumtupia mzigo.

“Simu si unayo?” Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linasemwa kwa tabasamu. Sheria inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi afanye kazi wakati wa likizo ya mwaka. Mtu amekaa na baba yake ambaye hajamwona tangu mwaka juzi, sahani ya makande iko katikati yao, simu inaita kuulizia ankara. Akipokea, mzee ananyamaza na kusubiri. Wazee wetu hawaingilii mazungumzo ya kazi. Ikiita tena kesho na keshokutwa, mzee anaelewa kwamba mwanawe hajaja. Aliyebaki ofisini akikwama, ampigie aliyekabidhiwa. Akikwama huyo pia, ampigie mkuu wake. Aliye likizo apigiwe kwa msiba wa mwenzao, na hapo ni kumpa taarifa tu.

“Si ulikwenda kwenye msiba Julai? Ile ndiyo likizo yako.” Hapana. Kwa kifo cha mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, kuna siku nne zake peke yake, zenye malipo. Kuzikata kwenye zile 28 ni kumtoza mtu kwa kufiwa.

“Desemba ni ya wakubwa.” Hapa mwajiri ana haki kidogo, na tusimnyang'anye: sheria inampa yeye kupanga tarehe, ilimradi likizo isicheleweshwe kupita miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 mfanyakazi akikubali na kazi ikilazimu. Lakini kupanga tarehe hakumpi ruhusa ya kupendelea. Ratiba ibandikwe ukutani mapema, na aliyekwenda Desemba iliyopita ampishe mwingine mwaka huu. Wapo wenzetu Waislamu ambao siku yao kubwa ni Idi, nao wangefurahi kuachiwa siku zao.

Lipo pia neno letu wenyewe: “Nikichelewa siku mbili tatu, bosi ataelewa.” Aelewe kwa lipi? Sikukuu za serikali zinazoangukia ndani ya likizo zinahesabiwa humo humo, haziongezi siku. Na kukosa kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kunaweza kukufukuzisha. Barabara ikikatika, piga simu siku hiyo hiyo. Ukikaa kimya, anayeumia ni mwenzako anayebeba kazi mbili, na mwakani atakayepanda mlima baada yako hataaminiwa.

Nimeliacha la mwisho lile linalowagusa wengi wetu tukiwa waajiri: “Dada wa kazi akipewa likizo harudi.” Kwa hofu hiyo binti aliyetoka milimani huweza kulea watoto wa mjini mwaka hata miwili bila kuonana na mama yake, na mshahara wake hushikiliwa eti uwe dhamana. Sheria niliyoitaja haikumwacha nje. Waliotolewa humo ni watumishi wa jeshi, polisi, magereza na JKT. Yeye hayumo kati ya hao. Ana siku 28 kama karani, na mshahara wa likizo hulipwa kabla hajaondoka. Asiyerudi mara nyingi alikuwa amekwisha kuchoka, na ruhusa ya kwenda nyumbani ndiyo mlango pekee aliouona wa kutokea.

Kwa hiyo mwambie mapema, Oktoba hivi. Kubalianeni tarehe ya kurudi. Mpigie mama yake, kama ulivyompigia siku ya kumchukua. Mpe mkononi mshahara wake wote pamoja na wa likizo, na usimuulize jirani kama ana mwingine kabla basi halijafika hata Chalinze. Baada ya hayo yote akiamua kubaki Mamba, ameacha kazi kama mtu yeyote anavyoacha kazi, na fedha ulizompa ni zake.