MKANDA WA BUNDUKI SI PAMBO

Ndugu wanaushirika,

Wako wanaosema bunduki za mgambo zifungwe kamba za katani, eti fedha ya ushirika isalie. Hapana, ndugu zangu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi wenyewe wawe walinzi wa nchi. Basi mlinzi apewe kifaa.

Bunduki ya SKS ina uzito wa karibu kilo 4. Kamba inakata bega, mgambo anachoka, anaiegemeza ukutani, na hapo ndipo inapoibiwa. Ngozi nayo huoza kwa mvua za masika, nailoni inateleza. Tununue mikanda ya turubai, upana vidole vitatu, bizimu isiyopiga kelele usiku. Na kabla ya kufunga mkanda, toa risasi kwanza!

Jumamosi mkutanoni tuamue.

Katibu wa Tawi