Mtoto aliyekatiza masomo asifungiwe mlango wa sayansi

Tangu Februari 2023, mapigano ya Wambole na Walengola juu ya ardhi yamefukuza familia nyingi makwao, na watoto wengi waliokimbilia Kisangani walikatiza masomo. Ni rahisi mzazi kusema kwamba kwa mtoto kama huyo mambo ya sayansi yamekwisha. Maisha ya Michele Dougherty yanaonyesha kwamba sivyo.

Dougherty alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1962. Alipokuwa na miaka 10 hivi, baba yake alitengeneza darubini, naye akaona kwa macho yake miezi ya sayari ya Jupita. Lakini shule yake ya sekondari haikufundisha sayansi. Chuo Kikuu cha Natal kilimpokea hata hivyo, kwa kuwa alijua hesabu. Miaka ya kwanza ilimtesa, ila hakuacha.

Baadaye, akiwa Imperial College London, aliongoza kundi la chombo cha kupima sumaku kilichobebwa na Cassini, chombo cha anga kilichofika sayari ya Zohali mwaka 2004. Mwanzoni mwa 2005 vipimo vilionyesha kwamba karibu na Enceladus, mwezi wa barafu wenye upana wa kilometa 500 hivi, sumaku ya Zohali inapinda, kana kwamba kuna kitu kinaizuia. Kundi lake likaomba Cassini isogezwe karibu zaidi. Julai ilipita kwenye kilometa 173 tu, ikaonekana kwamba mvuke wa maji unatoka kwenye nyufa za kusini. Leo inajulikana kwamba chini ya barafu ile kuna bahari. Mwaka 2025 Dougherty akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha mtaalamu wa nyota wa ufalme wa Uingereza, cheo kilichoanza mwaka 1675.

Kuna atakayesema: huyo ni mzungu, na wakati wa ubaguzi wa rangi njia yake ilikuwa nyepesi. Ni kweli. Watoto weusi wa umri wake walinyimwa nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa bahati. Akili peke yake haikutosha. Chuo kilikubali kumpokea na upungufu wake.

Shule za Kisangani zinaweza kufanya vivyo hivyo: kumpokea mtoto aliyepoteza karatasi zake njiani, na kumrudishia hesabu alizokosa. Maabara ni deni la serikali, na lidaiwe. Lakini hesabu zinaweza kuanza kwa mwalimu, ubao na chaki.

Chombo kingine, Juice, chenye kipimo cha sumaku kinachoongozwa na Dougherty, kiliondoka mwaka 2023 na kinatarajiwa kufika Jupita mwaka 2031. Matokeo yake yatahitaji wasomaji kwa miaka mingi. Wazazi na walimu, mtoto wa Lubunga asikose kuwa mmoja wao kwa sababu tu alikimbia vita.