Mzee wa Mkonge Aandikwe Angali Hai

Ndugu zangu wa Korogwe, Muheza na Tanga, nanyi mlio mbali lakini mna babu aliyezeekea shambani huku, nina ombi. Tumewazika wazee wengi wa mkonge, na wasifu unaosomwa makaburini karibu wote ni mmoja: marehemu alizaliwa Kigoma, alikuja Tanga kutafuta maisha, alioa, alijaliwa watoto, aliugua, Mungu akampenda zaidi. Kazi aliyoifanya tangu ujana hadi mgongo ulipokataa hupewa maneno mawili, "aliajiriwa mashambani". Basi, udongo unaanza kumwagwa.

Waliobaki tusiwazike hivyo.

Ni wachache. Kijana aliyeingia Ngombezi au Magoma mwaka 1964 akiwa na miaka 18 leo ni mzee wa miaka themanini hivi. Mwaka huo nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000 za katani, kiasi ambacho hatujakifikia tena. Baba zao walikuwa shambani tangu vita vya pili vya dunia, pale Ufilipino na Java zilipoangukia kwa Wajapani mwaka 1942, Waingereza na wenzao wakaitegemea sana katani ya Afrika Mashariki, hata watu wakakamatwa kwa nguvu kwenda kuikata. Tani hizo zimeandikwa vizuri. Waliozikata hawakuandikwa.

Na kukata mkonge si kazi ya kusimuliwa kwa neno moja. Jani lina mwiba nchani, majimaji yake yanawasha ngozi. Mkataji aliamka gizani ili awahi kabla jua halijakaza, akakata, akafunga matita, akayapanga nyapara aje kuhesabu. Hesabu isipotimia, siku hiyo haikuandikwa kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, na siku isiyoandikwa haikuwa na mshahara. Wenzake wa korona, mashine ya kusindika majani, walishinda katika maji na kelele wakitoa singa. Wa brashi, waliosafisha singa zilizokauka, walivuta vumbi mpaka jioni.

Kinachoniudhi zaidi ni aibu yetu. Umanamba, yaani kazi ya kibarua wa mashamba haya, umegeuzwa tusi, kwa hiyo mtoto aliyesomeshwa kwa pesa ya mkonge akiandika wasifu wa baba yake anaweka "mkulima". Mkulima wa wapi? Yule alikuwa mfanyakazi, tena huenda alikuwa miongoni mwa waliogoma mashambani mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati vyama vya wafanyakazi vilipokuwa vikimtia mkoloni homa.

Kwa hiyo chukua daftari uende ukae naye. Usianze kwa kumuuliza maisha yalikuwaje, atakujibu "tulihangaika tu, mjukuu wangu" na mazungumzo yatakufa hapo. Muulize alikuja kwa njia gani. Kabla ya mwaka 1963 Reli ya Kati ilikuwa haijaungana na reli ya Tanga, hivyo aliyetoka Kigoma alishuka njiani akamalizia safari kwa lori au kwa miguu. Hapo utasikia mambo. Muulize jina la nyapara wake, kambi aliyolala na nani, alichonunua kwa mshahara wa kwanza. Akichoka, rudi siku nyingine. Na akishafariki, msichome makaratasi yake mnaposafisha chumba: kile kipande kilichochakaa ndani ya mfuko wa nailoni ndicho ushahidi pekee wa ujana wake.

Walimu wa historia wa Korogwe na Muheza, wapeni wanafunzi kazi hii likizo ijayo, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ofisi ya kijiji. Wapo wazee ambao ndugu zao wote wako ng'ambo ya Mto Malagarasi, huko Kigoma, na hawana mjukuu wa kuwauliza. Hao ni wetu sote. Nendeni kwao, na msiende mikono mitupu: kilo ya sukari inatosha.