CHUO SI KUTA

Katika mikoa kadha ya nchi yetu yanainuka majengo mapya ya vyuo vikuu. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ili kupanua elimu ya juu, na kwa fedha hizo matawi yanajengwa mahali ambapo zamani mtoto wa mkulima alisikia habari za chuo kikuu kama habari za ng'ambo: Kagera, Lindi, Kigoma na kwingineko. Sisi twaipokea habari hii kwa furaha. Lakini furaha isitufumbe macho. Wapo watu ambao wakiona bati linang'aa na rangi haijakauka husema, "Chuo kimekwisha." Twawajibu: hakijaanza.

Tusikisie, tutazame historia yetu wenyewe. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru, kilifunguliwa chuo kikuu cha kwanza katika Tanganyika. Hakikuwa na kilima wala ukumbi wa fahari. Kiliwekwa ndani ya jengo la TANU, katika mtaa uitwao leo Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi hawakuzidi 14. Somo lilikuwa moja tu, sheria, na shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwenye dharau angaliweza kupita nje ya jengo lile na kucheka.

Lakini kwa nini ilianza sheria? Kwa sababu nchi ilikuwa inakwenda kujitawala, na wanasheria Waafrika walihesabika kwa vidole. Nani angaandika sheria za nchi huru? Nani angaketi mahakamani? Tena, Makerere na Nairobi wakati ule hawakufundisha sheria, hata vijana wa Kenya na Uganda wakaja Dar es Salaam kuisoma. Chuo kile kidogo hakikujaribu kufundisha kila kitu. Kilishika jambo moja lililohitajiwa, kikalifanya barabara.

Na mbuyu ulianza kama mchicha. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Udaktari uliingia mwaka 1968, na kilimo kikaanza Morogoro mwaka 1969. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilimo kile cha Morogoro ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na ule udaktari ukazaa Chuo Kikuu cha Muhimbili mwaka 2007. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba chuo kidogo ni chuo dhaifu. Udogo si aibu. Aibu ni kuwa mtupu.

Kwa hiyo yatupasa kuyauliza matawi haya mapya mambo matatu.

La kwanza ni masomo. Lindi ni nchi ya korosho na ufuta. Kagera huishi kwa ndizi na kahawa, na mnyauko wa migomba umewatia hasara wakulima wake wengi. Je, kijana atakayesoma huko atajua kumjibu mkulima anayesimama mbele ya mgomba uliokauka? Au atafundishwa masomo yale yale yanayofundishwa kila mahali, kwa sababu tu ni rahisi kuyafundisha kwa chaki na ubao? Tawi lililo katikati ya mashamba lisilojua habari za mashamba hayo ni mgeni, hata likikaa hapo miaka mia.

La pili ni vitabu, vyombo na walimu. Mlimani ilifunguliwa maktaba kubwa mwezi Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Twaisifu. Lakini mwanafunzi wa Bukoba asiambiwe asafiri zaidi ya kilometa 1,000 kutafuta kitabu. Wengine watasema siku hizi vitabu vyote vimo katika intaneti. Vyema, lakini umeme ukikatika, maktaba ya namna hiyo nayo imefungwa. Na mwanafunzi asiye na kompyuta atasoma kwa macho ya nani? Kadhalika maabara isiyo na dawa wala fundi ni chumba chenye meza tu. Na mwalimu ashukaye kwa basi Jumatatu akapanda basi kurudi Jumatano, huyo si mwalimu wa chuo, ni msafiri. Twataka walimu wapewe nyumba na mshahara wa kuwafanya wakae, wawe majirani wa watu wanaowafundishia watoto.

La tatu ni maisha ya wanafunzi. Kila mtu aliyepita Mlimani anajua maana ya kubebana: kitanda cha mmoja kulaliwa na wawili, kwa sababu mwenzake hana pa kulala. Tukifungua tawi bila mabweni ya kutosha, kubebana kutahamia mikoani. Atakayepata taabu kwanza ni binti wa maskini, atakayelazimika kupanga chumba mbali na kurudi usiku peke yake. Wenye nyumba nao wasikione chuo kama mgodi, wakapandisha kodi siku ile ile fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, inapotoka.

Tukisha kudai haya, hatuna budi kuwaambia wanafunzi nao neno lao. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao wapatao 400. Wengi huikumbuka habari hiyo hapo wakaishia. Lakini siku ile ile Rais alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi twaona mafundisho yote yamo katika mambo hayo mawili yakishikwa pamoja. Msomi ana deni kwa mwananchi anayelipa kodi, tangu muuza dagaa wa Kigoma mpaka mkulima wa korosho. Na kiongozi amwambiaye msomi ajinyime, na aanze yeye.

Deni hilo leo lina hata karatasi yake. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha fedha ya wananchi, na ile dola milioni 425 nayo ni mkopo. Watakaoulipa ni watoto wetu, pamoja na wale ambao hawataingia chuo kikuu kamwe. Wanayo haki ya kuuliza walichonunuliwa.

Ndugu wanachama, msingoje siku ya kukata utepe. Katika mikutano yenu ya matawi na ya vijiji, waulizeni madiwani na wabunge wenu: Walimu wangapi wamekubali kuhamia hapa? Maktaba ina vitabu gani? Mabinti watalala wapi? Atakayejibu kwa kuonyesha picha ya jengo, mrudishieni swali mpaka alijibu.

Wazee wetu walianza na jengo la kuazima, wanafunzi wasiozidi 14 na somo moja, wakapata chuo. Sisi tuliokopa mamilioni tusiridhike na kuta. Shime, wananchi!